Siti binti Saad: mtoto wa mfinyanzi aliyeitwa Mtumwa

Hivi karibuni nilihudhuria posa moja hapa Mombasa. Kahawa ilikuwa imezunguka mara mbili, haluwa imeliwa, na kijana tuliyekwenda kumposea alikuwa amesifiwa kwa yote: dini anayo, kazi anayo, adabu anayo. Wenyeji wetu walikuwa karibu kuitikia. Ndipo mzee mmoja wa upande wa binti akauliza, kwa upole kabisa, kijana huyu kwao hasa ni wapi. Hakuwa anauliza mtaa. Kila aliyekaa kwenye mkeka ule alijua maana yake: babu wa babu yake alifika pwani hii kwa chombo cha nani, na alifika akiwa abiria au akiwa shehena.

Posa ilikwisha salama, Alhamdulillahi. Lakini nilirudi nyumbani nikimfikiria mwanamke mmoja aliyelibeba swali hilo tangu siku aliyozaliwa, akaulizwa hadharani, tena kwa wimbo. Siti binti Saad. Wengi wetu tunamjua kwa sifa tu, mama wa taarab, sauti ya Unguja, na tukishasema hivyo tunaona tumemaliza habari yake. Mimi naona habari yake haijaanza mpaka tuulize ni milango mingapi alifungiwa, na kwa nini milango mingine ilimfungukia yeye huku ikiwafungia wanawake waliokuwa na kila kitu.

Alizaliwa Fumba, kusini magharibi mwa kisiwa cha Unguja, karibu na mwaka 1880. Asili ya baba yake, Saad, ilikuwa Unyamwezi. Mama yake alikuwa Mzigua. Wote wawili walikuwa wa tabaka la watumwa, na binti yao akapewa jina la Mtumwa. Zamani jina hilo lilikuwa na watu wengine pia. Wapo wazazi waungwana waliomwita mtoto hivyo kwa unyenyekevu mbele ya Mungu, au kumficha na kijicho. Mtoto wa muungwana aliyeitwa Mtumwa angeweza kulicheka jina lake. Mtoto wa Saad hakuwa na la kucheka. Jina lilisema kweli.

Hata hivyo tusidhani kwamba watumwa wote walikuwa kitu kimoja. Pwani hii ilikuwa na ngazi, na ngazi zilikuwa hata ndani ya utumwa. Aliyeshushwa juzi kutoka bara, hajui lugha wala dini, aliitwa mjinga. Aliyezaliwa hapa hapa, akakua akizungumza Kiswahili na kuswali na watu, aliitwa mzalia, na mzalia alimdharau mjinga kama muungwana alivyomdharau mzalia. Mtumwa binti Saad alikuwa mzalia. Lugha ilikuwa yake kamili, haina kigugumizi cha mgeni. Hilo lilikuwa fungu lake dogo la bahati, na baadaye tutaona alilifanyia nini.

Mwaka 1897, yeye akiwa msichana wa miaka kumi na kitu, Sultani Hamoud bin Mohammed alitia saini amri ya kufuta hadhi ya utumwa Unguja na Pemba. Waingereza walimsukuma, na walihakikisha kwamba mashamba ya karafuu hayatatikisika. Mtumwa aliyetaka uhuru alitakiwa aende mwenyewe kuuomba mahakamani, na bwana wake alilipwa fidia. Aliyepata uhuru lakini hana makazi wala kazi ya kuonyesha aliweza kuhesabiwa mzururaji. Kwa hiyo wengi walibaki pale pale walipokuwa, wakilima ardhi ile ile kwa masharti mapya. Huku kwetu, kuanzia Vanga mpaka Lamu, sheria ya namna hiyo ilikuja baadaye zaidi, mwaka 1907.

Lakini ndani ya amri ile ya 1897 kulikuwa na kifungu kimoja ambacho kila nikikifikiria hunikosesha raha. Masuria hawakuhesabiwa. Sheria ilisema suria ni kama mke, na mke hawezi kwenda mahakamani kudai uhuru kwa bwana wake. Mtumwa mwanamume wa shambani alikuwa na mlango wa kugonga, hata kama ni mzito. Mke muungwana alikuwa na haki zake za ndoa, mahari na talaka. Suria alikuwa mtumwa na pia alikuwa kama mke, na kwa kuwa alikuwa vyote viwili hakupata haki ya yeyote kati yao. Iliwachukua mpaka mwaka 1909 kuliondoa jambo hilo.

Karibu karne nzima baadaye, mwaka 1989, mwanasheria Mmarekani mweusi, Kimberlé Crenshaw, aliandika juu ya wanawake weusi waliokwenda mahakamani kulalamika kwamba wanabaguliwa kazini. Wakaambiwa kampuni inaajiri weusi, na kweli iliwaajiri, wanaume. Wakaambiwa inaajiri wanawake, na kweli iliwaajiri, weupe. Basi kesi yao iko wapi? Crenshaw alilifananisha jambo hilo na mtu aliyesimama njia panda, magari yanamjia pande zote, na kila dereva anasema si mimi niliyemgonga. Vyuo vikuu vimeliandikia fikra hiyo vitabu vingi vizito. Bibi zetu wa Unguja na Pemba waliijua bila kitabu.

Siti, au Mtumwa kama alivyokuwa bado, hakuwa suria. Alikuwa mfinyanzi, kazi aliyojifunza kwa mama yake. Wenyewe mwajua kazi hiyo: kuchimba udongo, kuukanda, kufinyanga vyungu na mitungi, kuvianika, kuvichoma, kisha kuvibeba kichwani. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, na nadhani waliosema hivyo walikuwa wamewahi kumtembelea mmoja nyumbani kwake. Skuli hakusoma. Msichana wa hali yake hakuwa na wa kumpeleka, na aliye na mikono miwili alihitajika kwenye udongo.

Kutoka Fumba hadi mjini ni mwendo mrefu wa miguu. Aliutembea na vyungu vyake, na alipofika mitaani alinadi bidhaa yake kwa kuimba, kama wauzaji wafanyavyo. Watu wakawa wanaijua sauti kabla ya kumwona mwenyewe.

Hapa nataka tusimame kidogo, maana ndipo jambo lilipojifunga na ndipo lilipofunguka.

Mwanamke wa heshima wa mji ule, binti wa ukoo, hakutembea barabarani akipaza sauti. Hakutembea barabarani mchana hata kwa kunyamaza. Alivaa barakoa, akakaa ndani, na akitoka alitoka usiku na watumishi wake. Heshima ya ukoo mzima ilikuwa imewekwa juu ya mwili wake na juu ya sauti yake. Hata binti wa Sultani hakuokoka na hayo. Bibi Salme, mtoto wa Seyyid Said, aliyezaliwa mwaka 1844 na kuja kujulikana Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alilelewa katika majumba ya kifalme, lakini kuandika ilimbidi ajifunze kwa siri, kwa kuwa wasichana walifundishwa kusoma tu, kalamu haikuwa yao. Alikuwa na nasaba, mali na watumwa wa kumhudumia. Kalamu hakuwa nayo mpaka aiibe.

Sasa mtazame muuza vyungu. Hakuwa na heshima ya kulindwa, kwa hiyo hakuna aliyejali akipiga kelele njiani. Kilekile kilichomweka chini ndicho kilichomwachia koo. Sisemi ilikuwa neema. Mwanamke anayetembea peke yake na mzigo kichwani, asiye na ukoo wa kumtetea, yuko wazi kwa mambo mengi ambayo binti wa ndani hayajui, na tutafika huko. Ninachosema ni kwamba hukumu ya kuwa mwanamke haikuwa moja kwa wote. Kwa mmoja ilikuwa kufungiwa, kwa mwingine ilikuwa kuachwa nje.

Mwaka 1911 alihamia mjini moja kwa moja. Alikuwa mtu mzima tayari, wa miaka thelathini hivi. Hakuwa peke yake katika safari hiyo. Miaka ile watu wengi waliotoka utumwani waliyaacha mashamba wakaja kujenga Ng'ambo, ng'ambo ya mkono wa bahari uliougawa mji. Upande mmoja majumba ya mawe, upande mwingine nyumba za udongo na makuti. Watu wa Ng'ambo walikuja na nguo za kaniki, lile shuka jeusi lililokuwa nembo ya mtumwa wa kike, na jambo la kwanza walilofanya wengi walipopata senti ni kulivua. Walinunua kanga. Walijifunika kichwa, jambo ambalo mtumwa hakuruhusiwa. Wakaingia kwenye buibui. Leo wapo wanaoliona buibui kuwa kifungo tu, na wana hoja zao. Kwa mwanamke ambaye mama yake alikatazwa kujistiri, ile nguo nyeusi ilikuwa hati ya uhuru ambayo hakuhitaji kwenda kuiomba mahakamani.

Taarab ya wakati huo ilikuwa mali ya wenyewe. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, ndiye aliyempeleka Mohammed Ibrahim Misri akajifunze muziki na kupiga kanuni, na taarab ikapigwa katika jumba la kifalme, kwa Kiarabu, na wanaume. Mwaka 1905 kikaanzishwa chama cha Nadi Ikhwani Safaa, chama cha wanaume wa familia zenye nafasi. Nyimbo zilikuwa za Kiarabu, hata kama waliokaa kusikiliza wengi hawakuelewa kitu. (Watu wa Lamu wataniandikia barua wakiniambia kwamba kwao tungo za Kiswahili zilikuwa zikiimbwa zamani sana kabla ya Unguja kuota ndoto ya taarab. Nakubali, barua msilete.)

Mmoja wa wanachama wa Ikhwani Safaa, Ali Muhsin, mpiga udi, aliisikia sauti ya yule mwanamke akaamua kumfundisha. Alimfundisha namna ya kuimba kwa kufuata ala. Hapa tena tuone ilivyokuwa: kipaji chake kilihitaji mlango, na ufunguo wa mlango ulikuwa mkononi mwa mwanamume aliye ndani ya chama ambacho yeye, kwa jinsi yake na kwa asili yake, asingekuwa mwanachama. Simlaumu Ali Muhsin, Mungu amrehemu. Alifanya ambalo wenzake hawakulifanya. Lakini ni wangapi waliouza vyungu, samaki na mikeka siku hiyo hiyo ambao hakupita mpiga udi karibu yao?

Baadaye alikuwa na kundi lake mwenyewe: Subeit Ambar kwenye udi, Mbaruk Talsam kwenye fidla, pamoja na Budda bin Mwendo na Mwalimu Shaaban. Wanaume wote hao, na katikati yao mwanamke ndiye aliyekuwa nyota. Waliimba Kiswahili. Waliimba Kiarabu pia na hata Kihindi walipotakiwa, lakini Kiswahili ndicho kilichowatenga na wengine. Hapa ndipo lile fungu dogo la mzalia lilipozaa. Lugha ambayo wakubwa waliiona ya jikoni na ya sokoni ndiyo aliyoipandisha kwenye jukwaa, na ghafla mpishi na mpagazi wakawa wanaelewa taarab kuliko tajiri anayejifanya anajua Kiarabu.

Jina nalo likabadilika. Mtumwa akawa Siti, yaani bibi, mwanamke mwenye heshima. Hebu fikiria umbali wa kutoka jina lile hadi hili ndani ya maisha ya mtu mmoja. Alialikwa kwenye arusi za matajiri wa Kiarabu na Kihindi, na akaimba mbele ya Sultani Khalifa bin Harub. Wanaosimulia habari zake husema aliimba amejifunika uso. Wengine wamesema alijificha kwa sababu hakuwa mzuri wa sura. Mimi maneno hayo nayaona ya kijinga. Mwanamke wa asili yake, mbele ya watu ambao juzi tu wangeweza kummiliki, anaamua ni kitu gani watakipata na kitu gani hawatakipata. Walipewa sauti.

Usidhani walinyamaza. Wapinzani wake walimtungia wimbo wa kumkumbusha alikotoka. Ulisema alikuja mjini na kaniki, ukauliza ni lini basi amekuwa mtu, na bila sauti yake angekula nini. Sikiliza ubaya wake ulivyopangwa. Haukumshambulia kwa kuwa mwanamke tu, maana waliouimba nao walikuwa na mama zao. Haukumshambulia kwa umaskini tu, maana wakati huo hakuwa maskini tena. Uliichukua nguo ya mtumwa wa kike, kitu kimoja kinachotaja vyote viwili kwa mpigo, ukamrudisha ndani yake. Ungempa mwanamume mwimbaji wa asili ile ile tusi la namna nyingine. Ungempa mwanamke wa ukoo tusi la namna nyingine. Hili lilishonwa kwa kipimo chake.

Naye akajibu kwa wimbo, kama ilivyo desturi ya taarab tangu hapo mpaka leo. Jibu lake lilikuwa la utulivu: uzuri wa sura si hoja, na hata ukoo haumfanyi mtu awe kamili, dosari ni kukosa akili. Mashabiki wa mipasho ya siku hizi wangelitaka jibu kali zaidi. Lakini soma vizuri. Hakukana. Hakusema yeye si wa kaniki, hakujitafutia babu Mwarabu kama walivyofanya wengi, na ilikuwa miaka ambayo kubadilisha kabila kwenye karatasi za serikali kulimpa mtu manufaa ya kweli. Alikiacha kitu wanachomtukania mahali pake, akakataa tu kwamba ni tusi.

Mwezi Machi mwaka 1928 yeye na kundi lake walipanda meli hadi Bombay kurekodi sahani za santuri. Mwaka uliofuata wakarudi tena. Walirekodi nyimbo zaidi ya mia moja, na hadi kufikia mwaka 1931 sahani za kundi lake zilizouzwa zilipita 70,000. Katika pwani ambayo santuri ilikuwa anasa, hiyo ni idadi ya kushangaza, na kila santuri moja ilisikilizwa na barza nzima: mkahawani, dukani, kibarazani kwa aliyejaliwa. Sauti ikafika Mombasa na Lamu, ikapanda bara na treni. Kampuni iliyomrekodi ilitoa sahani zake kwa alama ya His Master's Voice, maana yake sauti ya bwana wake, pamoja na picha ya mbwa anayemsikiliza bwana kwenye santuri. Sijui kama kuna aliyecheka pale Bombay. Mwanamke aliyezaliwa akaitwa Mtumwa, na sahani yake imeandikwa sauti ya bwana.

Mwaka huo huo wa 1928, Ng'ambo ilikuwa inachemka. Wenye ardhi walidai kodi kwa viwanja ambavyo wapangaji wao walikuwa wamejijengea nyumba kwa mikono yao, na watu wakagoma kulipa. Siti aliishi nao hao. Jioni alikuwa akiimba kwenye majumba ya mawe, na usiku mwingine alikuwa kwao Ng'ambo akiimba yaliyotokea mtaani: nani kaibiwa, nani kafungwa, hakimu kahukumu nini. Nyimbo za mapenzi alikuwa nazo, tena nzuri. Lakini waliokuwa wakimkimbilia Ng'ambo walikuwa wanataka zile nyingine, zilizokuwa gazeti la wasiojua kusoma.

Mashuhuri kuliko zote ni wimbo wa Kijiti. Kisa chenyewe kilikuwa cha kweli. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam, mjamzito, alikuja Unguja kutembea, akatoka usiku kwenda kustarehe, na mwanamume aitwaye Kijiti akamnajisi na kumuua. Kijiti akavuka bahari akakimbilia bara. Walioishia mikononi mwa sheria ni wanawake waliokuwa wenyeji na wenzake, kwa sababu ya ule ulevi wa usiku ule. Muuaji yuko bara anapunga upepo, mashahidi wamefungwa.

Nimesema tutafika huko, na ndipo hapa. Wanawake hao hawakuwa mabibi wa ndani, kwa hiyo hakuna ukoo uliosimama mlangoni kuwadai. Walikuwa maskini wa Ng'ambo, na aliyeuawa alikuwa mgeni. Mbele ya hakimu, kunywa kwao kulionekana wazi kuliko kufa kwake. Mabibi wa Mji Mkongwe wasingefikishwa pale. Wanaume wa Ng'ambo wangefikishwa kwa mengine, lakini si kwa hilo. Siti aliijua njia ile kwa miguu yake mwenyewe. Alikuwa ameipita miaka mingi na vyungu, peke yake, bila mtu. Akaimba kisa kizima, jina la muuaji likiwa wazi, na sahani ikauzwa. Serikali haikumpata Kijiti, lakini kila barza kutoka Lamu hadi Kilwa ilimjua.

Jambo moja linaniuma katika wimbo huo. Tunauita kwa jina la mwuaji. Nimewauliza wazee wawili wanaojua nyimbo za zamani kuliko mimi, wakanitajia Kijiti mara moja. Marehemu wakamwita yule mwanamke.

Baada ya mwanzo wa miaka ya 1930 biashara ya santuri ilipungua kasi, lakini Siti aliendelea kuimba. Waimbaji wanawake wakajitokeza nyuma yake, na jambo ambalo mwaka 1911 lilikuwa ajabu likawa la kawaida. Marehemu Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, hakuacha kumtaja kuwa ndiye aliyemwiga tangu alipokuwa msichana. Bi Kidude naye, mkumbuke, aliimba bila uso kufunikwa, akavuta sigara yake mbele ya watu. Mwingine angesema amevunja njia ya Siti. Mimi naona alitembea juu yake.

Siku za mwisho za maisha yake, Shaaban Robert alikwenda kumsikiliza akiwa tayari mgonjwa, akaandika wasifu wake. Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950, kabla kitabu hakijatoka. Wengi waliosoma Kiswahili wamekipitia kitabu hicho. Nakiheshimu, na bila yeye tungekuwa na habari chache mno. Lakini Shaaban alitaka kutupa mfano wa tabia njema, kwa hiyo amempigia Siti pasi mpaka hana kunjo: mvumilivu, msamehevu, asiyejali matusi. Nadhani alijali. Mtu asiyejali hajibu kwa wimbo. Ni mwandishi huyo huyo, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909 na asili yake ikiwa Uyao, ambaye huenda naye aliwahi kuulizwa kwao hasa ni wapi, na labda ndiyo sababu alimwendea Siti na si bibi mwingine yeyote mwenye nyumba ya ghorofa.

Dar es Salaam, chama cha wanahabari wanawake kililiita jarida lake Sauti ya Siti. Vizuri sana. Huku Mombasa sijaona hata kichochoro chenye jina lake, ingawa hakuna arusi ya pwani ambayo haikuguswa na kazi yake.

Nimezisikiliza tena baadhi ya zile sahani wiki hii, kwa simu, na sauti bado inatoka nyembamba na kali kupitia ule mchakacho wa zamani. Kwenye karatasi ya katikati jina limeandikwa kwa ufupi. Watu wa nasaba walikuwa na majina yanayoendelea, bin fulani bin fulani, kisha kabila, kisha mji wa asili. La kwake linaishia kwa Saad. Nyuma ya Saad hawakuona la kuandika.

Arusi ya yule kijana wetu ni baada ya mfungo. Mahari yamekubaliwa, ukumbi umelipiwa, na upande wa binti wametuma habari kwamba lazima usiku wa akina mama uwe na taarab.